Mkono Mtupu

Baba alivunja farasi ishirini na mmoja.
Neno ni lake, kuvunja. Wenzake walisema kufunza.
Alilitamka kama seremala anavyosema kuranda,
bila chuki, bila haraka,
huku akiupaka mafuta mjeledi wa ngozi ya kiboko
ulioning'inia nyuma ya mlango wetu, Kurasini,
karibu na kalenda.
Mjeledi mmoja, wanafunzi wawili:
farasi asubuhi, mimi jioni.

"Samaki mkunje angali mbichi," alikuwa akisema,
na mnyama mgeni alimfunga mguu mmoja wa mbele,
akamwacha katikati ya uwanja saa saba mchana,
ndoo ya maji hatua tatu mbele ya pua.
Siku ya nne alikubali lijamu.
Siku ya tano alikubali chochote.
Nilimwona mmoja, Radi, siku ya gwaride:
mizinga ikalia, tarumbeta zikalia, watoto wakapiga mayowe,
yeye kimya, kama yule askari wa shaba pale mjini.
Watu wakampigia baba makofi.
Mimi nilikuwa mdogo, nilisimama karibu na jicho la Radi.
Ndani hamkuwa na mtu.

Leo nafagia samadi kwenye mazizi ya Bunju,
nachanganya pumba na molasi.
Mwalimu hapa ni Hidaya Mkwizu, mwenye gambuti za kijani.
Anaingia uani na kamba iliyolegea,
anampa Kungu mgongo,
anasimama.
Anasimama tu.
Bodaboda zinapita nyuma ya ukuta, adhana inaanza, inaisha,
jua linamhama bega la kushoto linahamia la kulia,
na mimi naupigia hesabu mshahara wake kwa dakika.
Wiki ya kwanza, mgongo.
Wiki ya pili farasi kasogea hatua nne,
akajuta, akarudi tatu.
Tajiri akapiga simu: "Bado?"
"Bado," akajibiwa. "Anafikiri."

Nikamwambia, dada, fimbo ya mbali haiui nyoka.
Akacheka: "Nani kakwambia natafuta nyoka?"

Sitaki kudanganya. Upole nao una kamba,
ila ndefu.
Nimemwona akimzungusha Kungu hadi povu limtoke,
bila kumgusa, kwa bega tu, kwa jicho tu,
mpaka mnyama atambue kuwa pa kupumzika ni mahali pamoja:
kando yake.
Jioni nikamuuliza, na huko si kuvunja?
Alinyamaza, akikwangua tope kwenye gambuti.
"Naacha mlango wazi," alisema. "Nadhani naacha."
Hiyo "nadhani" ndiyo iliyonifanya nimwamini.

Jumapili nikamleta baba.
Kiharusi kimemwachia mkono mmoja unaotetemeka,
tena ule wa mjeledi.
Alikagua mazizi kama anakagua kikosi,
akaona hatamu za kamba, akasonya.
"Lijamu lake mmeliweka wapi?"
"Hana, baba."
"Hana?"

Kungu akaja mwenyewe, polepole, masikio mbele,
akanusa vifungo vya shati,
akaukuta ule mkono.
Waliotutangulia walisema mkono mtupu haulambwi.
Labda hawakuijua Februari ya Dar es Salaam,
jasho linavyokauka likaacha chumvi
hadi kwenye mistari ya kiganja.
Farasi aliulamba.

Baba akautoa haraka, kama aliyeshika sufuria ya moto.
Akanitazama aone kama nimeona.
Nikajifanya nahesabu ndoo.

Nilipoinua uso
mkono ulikuwa umerudi palepale,
unatetemeka,
na yeye anamuuliza farasi, kwa sauti ya gwaride:
"We! Nani kakufunza?"